Mkono Ulioshonwa Ukafungwa

Shangazi alilitandaza shati la mteja juu ya meza ya kukatia, akapenyeza mkono wake ndani ya mkono wa shati. Ukagoma. Mahali pa kutokea vidole palikuwa pameshonwa pakafungwa kabisa, tena kwa mshono mnyoofu wa kupendeza.

"Miwani!" alimwita fundi mzee. "Macho yako yamestaafu kabla yako. Kusanya vitu vyako."

Mzee akaanza kukunja utepe wake wa kupimia.

Kwenye cherehani ya dirishani, binti wa kaka yake shangazi alihisi uso unamwaka. Shati lile alilishona yeye. Jana mchana usingizi ulimvamia bila hodi, kama kila mchana, hata akilala usiku kucha. Kibaya zaidi, mguu wake haulali. Uliendelea kukanyaga, mikono ikisukuma kitambaa. Daktari alisema ni ugonjwa, tena wa kudumu, akamwandikia barua. Huu mwezi wa tatu barua imelala chini ya vifungo kwenye droo. Shangazi alishazoea kumwita gogo, naye aliona heri kuitwa gogo kuliko kurudishwa kwao kwa ugonjwa.

Basi akanyamaza. Mtu mzima na akili zake, alinyamaza mpaka mzee akafika mlangoni na mkoba.

"Shangazi, ni mimi. Nilishona nikiwa usingizini."

"Usingizini? Basi na mimi nitapika nikiwa kaburini!"

"Kweli kabisa," mzee alisema. "Macho yamefumba, mguu unakanyaga. Huwa namfumulia jioni, kabla hujakagua. Hili lilinipita. Macho yangu kweli yamechoka."

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitoa barua, akampa shangazi, lakini kumtazama mzee alishindwa. Miezi yote hiyo alikuwa akisitiriwa, naye akamwacha mtu afukuzwe mbele ya macho yake.

Shangazi alisoma, akarudia kusoma.

"Miwani, weka mkoba chini," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mzee alirudi, akachukua wembe, akalivuta shati. Binti akalishika.

"Babu, nisamehe. Niachie nifumue mwenyewe."

"Wembe na usingizi wako huo?" Mzee alivuta kiti, akaketi ubavuni pake, akafuta miwani yake kwa pindo la shati lake mwenyewe. "Haya, fumua. Mimi nakuangalia."