Udongo Wenye Vigae

Siku ya nne tangu lori liwamwage pale, Apolinaria alikuwa bado analala chini ya kitenge. Alikifunga kwenye vigingi viwili vya kupimia viwanja, kila kimoja kimeandikwa 61 kwa rangi nyekundu, na pembe nyingine akaishikiza kwenye kisiki cha mninga. Viwanja vilikuwa mia na ishirini, vimenyooka kama mistari ya daftari, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na nyumba. Kisima walichoahidiwa kilikuwa shimo kavu lenye mbao mbili mdomoni. Maji waliyafuata kwenye bwawa la ng'ombe, mwendo wa saa nzima kwenda na mwingine kurudi. Ilikuwa Oktoba, mwaka wa sabini na nne. Asubuhi mawingu yalikusanyika upande wa Sikonge, mchana yakatawanyika, na kila mtu kijijini aliyatazama akihesabu usiku uliobaki kabla mvua haijamkuta nje.

Kijiji kilikuwa kimepewa jina la Juhudi. Ubao wake ulisimamishwa kabla watu hawajaletwa.

Apolinaria alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mfinyanzi. Watu walimwita Mama Ngollo, kwa jina la mwanawe aliyekwenda Tanga kukata mkonge na ambaye barua yake ya mwisho ilikuwa ya mwaka juzi. Vyungu vyake vilijulikana mpaka Kigwa, kwenye stesheni ya reli, ambako wanawake waliviuza dirishani kwa abiria treni iliposimama. Alikotoka, katika bonde la Isenga, udongo wa kufinyangia ulikuwa hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake. Hapa Juhudi ardhi ilikuwa mchanga mtupu. Alichookoa ni magunia mawili. Moja lilikuwa na mabonge ya udongo laini aliokwisha kuukanda na kuuchambua kokoto, amelifunga kwa gome bichi lisikauke. La pili lilikuwa na vigae, mabaki ya vyungu arobaini.

Vile vyungu vilikuwa vinasubiri kuchomwa siku Mratibu, msimamizi wa kuhamisha watu, alipofika Isenga na mgambo na malori. Mama Ngollo hakukataa kuhama. Aliomba siku tatu tu, avichome vyungu vyake kwanza, maana chungu kibichi hakistahimili safari. Mratibu alisema malori hayasubiri vyungu. Mgambo wakaanza kuvitupa nje, vibichi pamoja na vile vichache vilivyokwisha kuiva. Kisha, ili mtu asije akarudi nyuma baada ya malori kuondoka, paa likawashwa.

Juu ya dari kulikuwa na mikate ya nta aliyoacha marehemu mumewe, mrina asali. Ile nta ndiyo iliyoleta mambo yote yaliyofuata. Moto ulipoifikia iliruka na kutapakaa, moshi ukawa mweusi, mzito, wenye mafuta, na upepo ukaubeba moja kwa moja hadi chini ya mti ambako dereva alikuwa ameegesha gari la Mratibu kivulini. Lilikuwa Pijo la samawati iliyokoza, jipya, halijamaliza miezi miwili. Lilipotoka Isenga lilikuwa limejaa madoa ya nta na masizi kuanzia boneti hadi buti.

Siku hiyo ya nne, kabla ya adhuhuri, Pijo hilo likaja kusimama mbele ya kiwanja namba 61.

Aliyeshuka kwanza alikuwa dereva, Shaban, kijana wa mjini Tabora mwenye kofia ya kufuma. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaeleza shida yake huku macho yake yakikwepa kile kitenge. Ameliosha gari mara tatu. Sabuni haitoi kitu. Mafuta ya taa amekatazwa, yanafubaza rangi. Lakini zamani alimwendeshea mfanyabiashara mmoja wa mjini, na yule mzee alikuwa na desturi yake: anachukua bonge la udongo laini wa mfinyanzi, usio na chembe ya mchanga, analiloweka maji ya sabuni, analitelezesha juu ya bati polepole. Udongo unanasa uchafu na kuubeba, rangi inabaki. Ameulizia, akaambiwa mwenye udongo kama huo ni Mama Ngollo peke yake.

Wakati huo Mratibu mwenyewe alikuwa ameshuka. Ndugu Hilari alikuwa mtu wa makamo, suti ya Kaunda imepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Alisema mgeni mkubwa anatoka Dar es Salaam, anashuka Tabora kesho saa nne, na gari hili ndilo litakalomleta kukifungua kijiji. Analitaka kama lilivyotoka dukani. Hakusema tafadhali, wala hakufoka. Alimpa kazi kama anayempa mtu nafasi.

Mgambo walileta maji, madebe matano. Mama Ngollo aliyatambua madebe mawili: yalikuwa ya Josepha, jirani yake wa kiwanja namba 62, aliyeamka alfajiri kuyafuata bwawani. Josepha alikuwa amekaa chini, mtoto mgongoni, anayatazama maji yake yakishushwa karibu na magurudumu.

Mama Ngollo alifungua gunia la kwanza. Alikata bonge la kiasi cha ngumi, akalibonyeza mpaka likawa bapa, akaliloweka na kuanza kwenye mlango wa dereva. Mwanzoni mkono ulikwaruza kama unapita juu ya ngozi yenye vipele. Aliurudisha, akaupeleka tena, bila kukandamiza. Mara mkwaruzo ukalegea, bonge likaanza kuteleza kimya. Shaban akamwagia maji. Mahali pale paling'aa mpaka uso wa Mama Ngollo ukaonekana ndani yake, na kitenge kikaonekana nyuma ya uso.

Ndugu Hilari alikuja akapitisha kidole, akaridhika. Mama Ngollo akaona ndio wakati wa kuuliza. Alisema waliambiwa wangepewa miti na nyasi za kujengea wakifika, na mpaka leo hawajaona hata fito, na mvua ndiyo hiyo.

"Vitakuja," alisema Mratibu. "Kila mmoja atajenga upya, nyumba bora."

"Na ile iliyochomwa?"

"Ipi?"

"Ya kwangu. Ulikuwa umesimama pale, ndugu."

Ndugu Hilari alitazama mgambo wake, kisha akainama kidogo, kama mwalimu anayemrudia mwanafunzi mzito. "Mama, sikiliza vizuri, maana mgeni anaweza kukuuliza kesho. Hakuna nyumba iliyochomwa. Wananchi wa Isenga wamehama kwa hiari yao, kwa ngoma na vigelegele. Ndivyo ripoti inavyosema, na nimekwisha kuitia sahihi."

Mama Ngollo aligeuza lile bonge na kumwonyesha. Upande wa chini ulikuwa mweusi tii, umechanganyika na punje za nta.

"Na hiki ninachokitoa hapa ni nini?"

"Vumbi," alisema Ndugu Hilari. Akaondoka kwenda kula kwa mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amechinja kuku wawili.

Mama Ngollo alibaki amepiga magoti. Alikuwa amestahimili moto, na siku ile ya lori, na siku tatu za kulala baridini. Alidhani mtu akikuchomea nyumba angalau mnajua wote wawili kwamba amekuchomea. Aliukunja udongo, weusi ukaingia ndani, upande safi ukatoka nje. Akaendelea kidogo. Halafu akasimama, akamwambia Shaban kwamba adhuhuri imefika, aende akaswali, na asiwe na haraka ya kurudi. Shaban alisema ataswali hapa hapa kando. Mama Ngollo akamwambia aende mbali, kwa mwenyekiti, watu wamwone. Kijana alichukua birika la kutawadhia na kwenda.

Mfinyanzi yeyote anajua kwamba udongo mtupu hupasuka motoni. Ili chungu kistahimili, unasaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, unauchanganya ule unga wenye chenga na udongo mbichi. Mama Ngollo alifungua gunia la pili. Alichagua vigae vilivyoiva vizuri, akaviponda juu ya jiwe kwa jiwe. Josepha aliona. Alihamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani na kuendelea kuangalia. Unga ulipotosha Mama Ngollo aliukanda ndani ya bonge jipya, kubwa, akaliloweka maji ya sabuni.

Alianza na boneti. Safari hii alikandamiza. Alisugua kwa mizunguko, kama anavyosugua tumbo la chungu, bila pupa na bila kuruka mahali. Mbawa, paa, milango mitatu iliyobaki, buti. Bonge lilipochoka alikanda jingine. Maji yalipokuwa yakitiririka gari liling'aa lote, na mgambo mmoja aliyepita alimsifu. Alimaliza kwa kulimwagia debe la mwisho la Josepha, akanawa mikono na kukaa kwenye kisiki chake.

Jua la saa nane lilikausha Pijo kuanzia juu kushuka. Kadiri maji yalivyokauka ndivyo samawati ilivyofifia ikawa kijivu, na ndani ya kijivu ikatokea mikwaruzo, maelfu, mizunguko juu ya mizunguko, mpaka gari zima likawa na rangi ya sufuria ya zamani. Mlango wa dereva peke yake ulibaki unang'aa.

Watu walianza kukusanyika kabla Ndugu Hilari hajarudi. Hakuna aliyecheka. Mratibu alipofika, Shaban nyuma yake, alilizunguka gari mara moja, akagusa boneti, akatazama kidole chake. Kisha akamtazama Shaban, na Mama Ngollo akasimama haraka.

"Huyo hakuwapo," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni mimi. Mlango ule niliusafisha. Kwingine kote nimekwaruza kwa vyungu vyangu mlivyovivunja. Kama ni vumbi, haya, lifute."

Wakampakia kwenye Pijo hilo hilo, kiti cha nyuma, katikati ya mgambo wawili, na kumpeleka Tabora.

Katika kituo cha polisi walimwandikia maelezo. Aliyeshika kalamu alikuwa Koplo Nassibu, mtu mpole, aliyemwamkia na kumpa kiti. Alikuwa amekwisha kuandika mistari minne kabla hajauliza kitu, akamsomea: kwamba yeye Apolinaria, alipokuwa akijitolea kuosha gari, kwa bahati mbaya alitumia udongo usiofaa, na anaomba radhi. Aweke dole gumba hapa, aende zake.

Mama Ngollo alisema si bahati mbaya. Aandike kwamba amekusudia.

"Ukikusudia ni uhujumu wa mali ya umma, mama. Ni kesi."

"Nataka kesi. Hakimu ataniuliza kwa nini, nami nitamjibu."

Koplo alishusha sauti. "Kwa nini?"

"Kwa sababu walinichomea nyumba."

Kalamu ilisimama. Koplo Nassibu alikwenda chumba cha ndani, akakaa huko muda, akarudi bila kukaa. Alieleza kwamba neno hilo haliwezi kuingia kwenye jalada, kwa kuwa halimo kwenye ripoti yoyote. Kuna njia mbili: radhi, au waandike kwamba akili yake haiko sawa na apelekwe kwa wagonjwa wenzake. Alisema hivyo kwa huruma, na akamwomba achague ya kwanza.

Mama Ngollo hakuchagua. Siku ya kwanza wakamweka mahabusu, ya pili wakamhamishia kwenye benchi la baraza, kwani hakukuwa na karatasi ya kumshikilia. Walimwambia anaweza kuondoka. Alisema hataondoka mpaka apewe kesi.

Siku ya tatu Shaban alimletea ugali na mlenda, mkewe Zamda amepika. Alikaa kando yake akisubiri ale. Alimweleza kwamba mgeni alikuja kwa gari jingine, akakata utepe, akapigiwa ngoma, akaondoka kabla ya mvua ya kwanza. Mvua ilinyesha usiku ule. Josepha amehamia chini ya kitenge chake, wako watano humo. Pijo limepakwa rangi upya karakanani, siku mbili tu, limetoka zuri kuliko lilivyokuwa.

"Na kesho tuna safari," alisema Shaban. "Kijiji cha Lugunya. Malori sita."

Mama Ngollo aliacha kula.

"Mzee Hilari ameniagiza," alisema kijana, akitazama chini, "safari hii nipime kwanza upepo unatoka wapi, ndipo niegeshe."

Mama Ngollo alinawa mkono. Akamwita Koplo Nassibu, naye akaja na ile karatasi ya radhi, akidhani amekubali.

"Andika," alimwambia. "Lugunya. Kesho."

"Kesho haijafika, mama. Siwezi kuandika jambo ambalo halijatokea."

"Na lililotokea hukuliandika."

Nje, honi ya Pijo ililia mara mbili. Shaban aliinuka, akaokota sahani, akaenda. Koplo alifunika kalamu yake. Alifungua kikopo cha wino wa dole gumba, akakiweka kwenye benchi kati yao, akasubiri. Mama Ngollo alikitazama. Kisha aliingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.