Arobaini kwa Kumi

Fundi wa difu alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akisugua krauni kwa brashi na mafuta ya taa, Bingwa alipoingia gereji na kikombe cha chai mkononi. Bingwa alikuwa na tabia ya kuja na chai yake. Alisema chai ya pale ina ladha ya grisi, na hilo lilikuwa kweli.

"Habari ya asubuhi, Fundi."

"Nzuri. Chunga hapo, pana oili."

Akairuka oili bila kumwaga chai. "Msimu huu unanifungia difu gani?"

"Unataka kuondoka au unataka kukimbia?"

Ndilo swali la kazi hiyo. Difu ya nyuma ina gurudumu kubwa la meno, ndiyo krauni, na dogo linaloisukuma, ndiyo pinioni. Meno ya krauni yakizidi sana, gari huondoka kama limetukanwa, lakini likifika kwenye njia iliyonyooka hupiga kelele tu, mwendo umekwisha. Yakipungua, huchelewa kuamka, na likishaamka halishikiki. Kwenye mteremko injini hailizuii, breki hubaki kujitetea zenyewe. Vyote viwili hupati.

Msimu uliopita Bingwa alitaka kukimbia, maana watazamaji wengi husimama pale njia iliponyooka. Msomaji wake wa njia, aliyeketi kiti cha kushoto na karatasi magotini, alikuwa mdogo wake Fundi, kitinda mimba wa mama yao.

"Kaka, kwa difu hii ule mteremko wa tanki utatuumbua," kijana alimwambia Bingwa.

"Gari ni langu," Bingwa alijibu. "Wewe soma."

Breki ziliungua kwenye mteremko. Mwisho wake njia hukata kushoto, na mbele kabisa limekaa tanki la maji la zege. Gari lingefuata kona lingeteleza na kugonga tanki kwa upande wa dereva. Bingwa akakata usukani kulia. Upande wa msomaji ndio uliogonga. Siku ya tatu, mkono ukiwa kwenye tanzi la bandeji, Bingwa aliiambia kamati ya mbio kwamba kijana alisoma "kulia". Kamati iliamini, kwa sababu mmoja wao alikuwa hai na mwingine hakuwa na la kuongeza.

Tangu hapo mama yao aliitwa sokoni mama wa yule aliyekosea kona. Akaacha kwenda sokoni.

Fundi aliendelea kumhudumia Bingwa. Waliomuuliza aliwajibu kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Hakuwaambia kwamba kisu bado anakinoa.

"Nina arobaini kwa kumi," alisema sasa.

"Mbona wenzangu wanafunga arobaini na moja?"

"Wenzako waoga."

Hilo lilimtosha Bingwa. Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Mafundi wote wanajua jambo hili. Krauni ikiwa na meno arobaini na moja na pinioni kumi, kila jino la huku hukutana na kila jino la kule kwa zamu, kama wageni wanaosalimiana harusini, na ubovu wa mmoja hugawanywa kwa wote. Arobaini kwa kumi hugawanyika bila kubaki kitu. Jino lile lile hukutana na yale yale, safari zote, mpaka chuma kife, na penye kasoro hurudi pale pale. Fundi mwenye akili timamu huikwepa.

Yeye alikuwa na akili timamu. Alichukua ekseli ya lile gari lililogonga tanki, akampelekea mchonga vyuma aifue upya na kutoa krauni na pinioni. Akapaka tone la rangi nyeupe kwenye jino la hii na jino la ile, akayakutanisha, akakaza nati, akajaza oili. Alitaka kitu kimoja: Bingwa arudishwe kwenye kona ile mpaka aseme kwa kinywa chake alichofanya.

Jumapili ya mbio Bingwa aliondoka peke yake. Siku hizi hakuwa na msomaji. Alisema njia ameshaijua. Gari lilipotokeza juu ya mteremko, kiti cha kushoto kilikuwa na mtu, shati la bluu, karatasi magotini.

"Yule si marehemu?" mtazamaji mmoja aliuliza.

"Ndiye. Hebu inama, tunaona kisogo chako tu."

Kipaza sauti kikatangaza majina mawili badala ya moja. Harufu ya breki ikaja kwanza, kisha sauti ya kijana, ambayo waliisikia hata waliopanda juu ya paa. "Kushoto, kali. Tanki mbele. Kaka, kushoto." Bingwa akakata kulia. Ubavu wa kushoto ukapiga tanki. Kijana akafa kama alivyokufa. Vumbi lilipotua, gari lilikuwa limeshashika njia, zima, halina hata mkwaruzo, kiti cha kushoto kitupu. Bingwa alimaliza wa tatu.

Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye hema la kamati. Mwenyekiti alikuwa akimenya karanga.

"Tumesikia, dada. Alisema kushoto, hakuna anayebisha."

"Basi msafisheni jina."

"Lakini hii ni ya mwaka huu. Uamuzi wetu ni wa mwaka jana."

"Ni kifo kile kile."

"Si ndiyo nasema? Kimeshaamuliwa."

Kesho yake Bingwa alifika gereji na chai yake. "Gari linavuta. Ila pale kwenye tanki kuna mtetemo kidogo."

"Mtetemo tu?"

"Upande wa kushoto."

"Ulimwona mdogo wangu?"

"Nilimwona. Hajazeeka." Akaipuliza chai.

"Na ukakata kulia."

"Mkono umeshazoea, Fundi."

Mbio zilizofuata ikawa vile vile. Mama yao akaanza kuja, na kigoda chake, akikaa karibu na tanki kuliko inavyoruhusiwa. Mshika bendera alikuwa akigeuka kando asimwone. Asubuhi ile ya mwaka jana kijana alitoka nyumbani shati halina kifungo cha kifuani, na mama akamwambia atakishona jioni. Sasa alikuja na sindano yenye uzi, na kifungo amekifunga kwenye pindo la nguo. Gari halikusimama.

"Mama, ile difu naivunja," Fundi alimwambia usiku wakila. "Sasa ninayemuua ni mimi."

"Ukiivunja nitamwona wapi?"

Fundi alirudisha tonge kwenye sahani.

"Iache," mama alisema, akisogeza bakuli. "Na yule naye apite pale, apite tena. Hakuna mkono usiochoka."

Mkono wa Bingwa haukuchoka. Ulijifunza. Madereva wengine wote hushika breki kabla ya tanki. Yeye aliona kwamba hana haja, kwa kuwa tanki lilichukua lake la kushoto na kumwachia gari. Akaacha kabisa kugusa breki kwenye mteremko ule. Akaanza kumaliza wa kwanza. Siku ya kombe alilinyanyua kwa mikono miwili, akamshukuru Mungu, waliompa matairi, na fundi wake wa difu. Watu wakampigia Fundi makofi.

Msimu mpya ulipokaribia alikuja tena, akairuka oili.

"Nifungie ile ile."

"Ninayo arobaini na moja hapa, bado ina karatasi yake."

"Ya nini? Ile ile."

Fundi alitazama mlangoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, analamba uzi apate kuupitisha kwenye tundu la sindano.

"Kuna siku atakata kushoto," mama alisema bila kuinua macho, kana kwamba Bingwa hayupo.

Bingwa akacheka kidogo, akamwamkia. "Shikamoo, mama."

Mama akapitisha uzi, akapiga fundo.

Fundi aliiosha krauni, akapaka rangi upya kwenye yale meno mawili, akayakutanisha. Alipokwisha kufunga alizungusha shafti kwa mkono ili kupima. Raundi nne, gurudumu likazunguka moja, na alama ya chaki aliyoiweka kwenye tairi ikarudi mahali pake.