Jina Ubavuni mwa Boti

Rangi ya buluu ilikuwa imebaki kiasi cha kujaza kifuniko cha chupa. Yahya alitia tapentaini kidogo mkebeni, akakoroga kwa kijiti, akaangalia kama ingetosha hata herufi moja. Haikutosha. Tangu Jumatatu alikuwa akizunguka ufuoni Usenge, boti moja baada ya jingine, akiuliza nani anataka jina au picha. Wenye boti walimwambia samaki wamepungua. Huko Kisumu duka la mabango lilikuwa limeleta mashine ya kukata herufi za plastiki, na wenye maduka hawakuwa na haja naye tena. Mkewe, Rehma, alibaki huko huko Kisumu, mtaa wa Kaloleni, na watoto watatu na unga wa siku mbili.

Oketch alimkuta amechuchumaa hapo.

"Fundi, nina kazi. Lile boti la marehemu ndugu yangu. Futa kila kitu, paka nyeupe, andika jina langu."

Yahya alilijua boti hilo. Mwaka juzi, 1992, ni yeye aliyelichora. Rosa, mke wa huyo marehemu, Oduor, alikuwa ameanika na kuuza omena, dagaa wa ziwani, miaka minne mpaka akapata mbao na fundi seremala. Wenzake walichagua majina ya watakatifu. Yeye alipiga magoti mchangani akachora kwa kidole mdiria, yule ndege wa buluu anayejitosa ziwani na kutoka na samaki.

"Huyu haombi mtu ruhusa," alisema, akacheka.

Yahya alikaa na ndege huyo siku tatu. Alichanganya buluu na kijani, akafuta, akachanganya tena, hadi bawa likang'aa kama limetoka majini sasa hivi. Ubavuni akaandika: ROSA NYAR BONDO, Rosa binti wa Bondo. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kumi, akatazama, akasahau kula.

"Mama Rosa amekubali?" aliuliza sasa.

"Rosa amekataa kurithiwa. Mimi ni shemeji yake, nimekwenda kwa heshima, amenifungia mlango. Mwanamke akikataa boma, vya boma vinabaki kwa boma."

"Nasikia neno liko kwa chifu, Bwana Oketch. Lingoje liishe."

Oketch hakukasirika. "Basi tutaonana Alhamisi, kwa chifu."

Alhamisi Rosa alimwita Yahya awe shahidi wake. Leseni ya boti ilikuwa na jina la Oduor, kwa kuwa karani wa leseni alikuwa amekataa kuandika la mwanamke. Alichobaki nacho ni jina lile la rangi, na mtu aliyeliandika.

Kabla ya kikao chifu alimwita Yahya peke yake.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kaloleni, mzee."

"Kabla ya Kaloleni."

"Nimezaliwa Kisumu, mzee. Baba pia."

"Sijauliza umezaliwa wapi. Babu yako?"

"Alitoka Pwani."

"Ehe." Chifu alifunua faili, akaifunga. "Kibali cha kufanya kazi katika ufuo wangu unacho?"

"Sijawahi kusikia kuna kibali."

"Kipo. Nakitoa mimi. Tena kuna shule mbili na zahanati, kuta zote zinataka mchoraji. Kule ndani maneno yako yawe machache."

Kule ndani Rosa alisimama. Mikononi mwake magamba ya omena yalikuwa yamekaukia kwenye mikunjo ya vidole. "Muulizeni huyu," alisema. "Ni mimi nilimpa kazi."

"Fundi," chifu akasema, "boti ni la nani?"

"Mimi mchoraji tu, mzee. Naandika ninachoambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

"Na wenyewe."

"Wenyewe ni akina nani?"

Yahya alitazama sakafu. "Nyumba ya Oduor."

Chifu aliandika maneno hayo. "Nyumba ya Oduor," alirudia. "Na leo kichwa cha nyumba hiyo ni Oketch."

Rosa hakupandisha sauti. "Yahya, ulichora ndege gani?"

"Mdiria, mama."

"Nani alikuambia mdiria?"

Yahya alifungua kinywa.

"Hapa hatujadili ndege," chifu alisema. Karani wake akacheka.

Chifu alimpa Oketch boti, na Jumamosi asubuhi Yahya alianza kulifuta, mabawa kwanza. Msasa ulitoa vumbi la buluu lililomganda kwenye kope. Halafu mdomo, halafu jicho. Alikuwa ameazimia kuifanya kazi hovyo, apake na aondoke, lakini mkono haukumtii. Herufi za OKETCH zilitoka zimenyooka, na kivuli chekundu upande mmoja, safi kuliko zote alizowahi kuandika. Wavuvi waliacha nyavu wakaja kutazama.

Oketch alilizunguka boti mara mbili. "Weka na jina lako hapo chini, fundi. Watu wajue kazi ni ya nani."

Katika miaka kumi na moja ya kazi hii hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo. Yahya alichovya brashi nyembamba, akaandika.

Alipoinua macho Rosa alikuwa nyuma yao, karai kwapani. Alilisoma lile jina dogo, polepole, midomo ikicheza. Kisha akamgeukia Oketch, akamwuliza omena za kesho, boti hili likirudi, atawauzia yeye na wanawake wenzake kwa bei gani.