Matundu Kwenye Dashibodi ya Marehemu

Kikombe cha mpira kilichokuja na GPS kilibanduka tena. Jokébed alikilamba, akakigandamiza kwenye kioo cha mbele, akakishikilia mpaka vidole vikamuuma. Alipoachia tu, mashine yote ikamwangukia miguuni, ikaingia chini ya kanyagio la breki. Kikombe kile labda kilitengenezwa kwa ajili ya watu wasioijua barabara ya udongo. Vumbi la Butembo halikipi nafasi, na siku lisipokuwapo vumbi, ujue ni ukungu umelowesha kioo.

Hakutukana, maana aliimba kwaya. Alikitupa tu kile kikombe dirishani, kuku wakatawanyika uwanja mzima.

Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kilibeba mambo mazito. Mathe, mume wake, alikuwa amezikwa kwao Kasugho, na ukoo ulikuwa bado haujaondoa matanga. Katika familia ile, mpaka siku hiyo ifike, mali ya marehemu haiguswi. Nyumba haipakwi rangi upya, kitanda hakihamishwi. Gari waliliruhusu litembee kwa sababu watoto lazima wale, ila kwa sharti kwamba libaki kama Mathe alivyoliacha, hata nailoni lililokuja nayo kwenye viti isichanwe. Na Edmond, mdogo wake Mathe, alikuwa ameshaanza kusema "ufunguo wetu."

Dépôt ya kanisa, yaani ghala la dawa, ilikuwa inatafuta gari la kupeleka chanjo na dawa kutoka Butembo hadi Beni, kisha kwenye vituo vya afya vya vijijini. Mkuu wake, Papa Siméon, hakuwa na neno na dereva mwanamke. Alichotaka ni kwamba GPS isimame mbele ya dereva, iandike safari yote, na dereva asiishike hata mara moja.

"Kama haina kwenye itasimama," alimwambia Jokébed, "tutaweka mutu wa kuishika. Edmond alisema iko tayari."

Edmond alikuwa tayari, ndiyo. Kwa vitu vya watu Edmond hajawahi kuchelewa.

Magari mengi ya Butembo huja kupitia Mombasa, yana usukani kulia, na Kongo watu hupita kulia. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja, basi mtu wa kiti cha kushoto ndiye anayekuwa jicho lake: yeye ndiye husema pita, au baki. Zamani Jokébed na Mathe walipokezana, huyu akiendesha yule anatazama. Sasa wazee wa ukoo walisema mwanamke bila jicho la kushoto ataua watu, kwa hiyo Edmond akae hapo, na kwa kuwa amekaa, ashike na GPS. Jokébed hakuhitaji kuelezwa zaidi. Anayekaa kushoto leo, siku ya matanga atakuwa amehamia kulia, na mwenye kuendesha atarudishwa uani, mtaani Kimemi, achambue maharage.

"Kamashini kakisimama kenyewe," alimwambia binti yake Ornella, "hakuna sababu ya Edmond."

Ili kutengeneza kishikizo, akachukua kipande cha ubao wa libuyu kilichobaki kwa fundi jirani, ubao mgumu, mwekundu, usiopasuka ovyo. Akachonga mfereji wa kuingiza mgongo wa mashine. Pembeni akapigilia vipande vya bati alivyokata kwenye mkebe wa mafuta ya injini, akavikunja viwe kucha mbili, na ndani yake akazungusha mpira wa chambre à air, ule wa ndani ya tairi, ili mashine isitetemeke. Mguu wa kishikizo akauchongea ulimi, akaupachika katikati ya dashibodi, kwenye matundu ya hewa. Ulikaa vizuri. Alitikisa gari zima kwa bega, na mashine haikutoka. Alicheka peke yake.

Akaenda kukijaribu njia ya Rughenda. Mbele yake kulikuwa na Fuso limepakia mikungu ya ndizi, linajikokota. Jokébed alikuwa na namna yake ya kupita bila jicho la mtu. Alibaki nyuma sana, mbali kuliko madereva wengine wanavyoweza kuvumilia, mpaka barabara ilipojitokeza kando ya lori, ndipo akatoka. Namna hiyo ilikuwa haijamwangusha hata mara moja. Siku hiyo alitazama, akaona njia ni nyeupe, akatoka, na palepale nyuma ya GPS likachomoza basi dogo, linapiga honi. Alirudi nyuma ya Fuso kwa nguvu ya breki na neema ya Mungu.

Akasimama pembeni. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya kujikasirikia yeye mwenyewe. Alikuwa ameweka kishikizo pale ambapo kila mtu angekiweka, katikati, kama picha za kwenye boksi zinavyoonyesha. Lakini picha zile zilipigwa ndani ya magari ya watu wenye usukani kushoto. Kwake yeye, kile kipande cha kioo katikati ndicho kilichokuwa jicho lake lote, na alikuwa amekiziba kwa mikono yake.

Alirudi nyumbani, akakaa kwenye gari likiwa limezimwa, akageuza kichwa huku na huku. Palikuwa na mahali pamoja tu: kulia kabisa, chini, kwenye kona karibu na mlango wake, ambako macho yangeshuka kidogo na kurudi barabarani. Lakini kona ile ilikuwa laini, haina tundu wala mfereji. Ulimi wa ubao haungekuwa na pa kuingia. Gundi ingeachia kwa joto. Kilichobaki kilikuwa skrubu, na skrubu inataka tundu.

Akaitazama ile dashibodi ambayo Mathe alikuwa akiipangusa kwa shati lake mwenyewe. Akalia kidogo, kwa sababu alimpenda. Halafu akashuka, akaweka misumari mirefu kwenye makaa ya jiko la mbabula.

Ornella alitoka jikoni na sufuria mkononi. "Mama, ba-oncle, Edmond na benzake, batasema nini?"

"Batasema. Midomo ni ya kwabo."

"Na matanga?"

"Baba yako alikufa, sisi tuko bazima. Niletee kitambaa nishikie musumari."

Plastiki ilitoa moshi mbaya, ikanuka uani kote. Akatoboa, akatoboa tena, akafunga kishikizo kwa skrubu mpaka bisibisi ikakataa kuzunguka. Alipomaliza, akaichana pia ile nailoni ya kiti chake, akaikunja, akaitia kwenye takataka. Hiyo haikuhitajika kwa kazi ya GPS. Aliichana kwa sababu ilikuwa inamtoa jasho mgongoni tangu gari liliponunuliwa, na kwa sababu alitaka.

Asubuhi ambayo Papa Siméon alipanga safari ya majaribio hadi Beni, Edmond alifika amevaa shati la Jumapili. Aliona kishikizo kabla ya kusalimia.

"Ulitoboa gari ya kaka yangu," alisema.

"Nilitoboa."

"Tuko bado mu matanga. Hata nailoni ulitosha kwenye kiti, ukatupa? Sasa hii, nani atakubali?"

"Mulamu, hii gari njo inalisha batoto ya kaka yako. Kama ulikuya kulilia plastiki, lia. Kama ulikuya kwenda Beni, panda."

Papa Siméon alikuwa amesimama na boksi la barafu la chanjo, anawasikiliza kwa uso wa mtu aliyesuluhisha ndoa nyingi. "Mie sitaki palabre ya familia," alisema. "Nataka kuona kama kitu inasimama. Donc twende." Akaketi nyuma. Edmond akachukua kiti cha kushoto bila kuulizwa.

Walitoka mjini. GPS ilikuwa na sauti ya mwanamke wa Ulaya, na mara kwa mara ilimwamuru Jokébed kwa Kifaransa ageuke kulia, mahali ambapo kulia kulikuwa na shamba la mihogo. Jokébed alimwacha aseme. Kabla ya Maboya mvua ilikuwa imechimba barabara, magurudumu yakaanza kuruka, milango ikagonga, boksi la barafu likapiga kelele. Kishikizo kilitetemeka pamoja na gari, kisha kikatulia.

"Itaanguka," alisema Edmond. "Acha niishike."

Akanyoosha mkono. Lakini mashine ilikuwa upande wa pili kabisa, na ili kuifikia ilimbidi apitishe mkono juu ya usukani, mbele ya kifua cha Jokébed.

"Tosha mukono," alisema Jokébed, bila kumtazama.

"Ninasaidia."

"Edmond," alisema Siméon kutoka nyuma, "uache chauffeur afanye kazi yake."

Chauffeur. Siméon alikuwa amemwita dereva mbele ya Edmond, na Jokébed akakaza macho barabarani. Edmond alikunja mikono, akageukia dirisha lake.

Baada ya Kabasha walilikuta lori la mbao. Hapo Edmond angekuwa na kazi. Jokébed alipunguza mwendo, na Edmond akatamka polepole, kwa furaha ambayo hakuificha, "Leo mie sioni kitu."

"Sikukuuliza."

Akabaki nyuma. Mbali. Pikipiki zikampita, zikaingia katikati yake na lori, akaziacha. Edmond akapumua kwa nguvu kuonyesha kuchoka. Siméon naye akaanza kutazama saa. Jokébed alijua kwamba mtu akiharakishwa hapa ndipo anapokosea. Hakuharakishwa. Barabara ikajikunja kidogo, upande wa kushoto wa lori ukafunguka wote, mweupe mpaka mbali, na hakuna kitu kilichoziba kioo chake. Akatoka, akapita, akarudi upande wake.

Kwenye dépôt ya Beni, Siméon aliichomoa GPS, akaangalia mchoro wa safari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akakishika kishikizo kwa mikono miwili, akakivuta, akakisukuma, akakipiga kofi. Akamgeukia Jokébed.

"Iko bien. Kesho utaanza. Peke yako."

Jokébed aliitikia kwa kichwa.

Wapakuzi walikuwa wamesimama pale, na labda ndiyo sababu Edmond alipandisha sauti. "Papa Siméon, usiandike kitu bado. Ile maneno itaisha Kasugho, siku ya matanga. Familia yote itakuwa pale. Ufunguo itarudi kwetu."

Siméon akamtazama Jokébed, kwa sababu hilo halikuwa jambo la dépôt. Wapakuzi nao wakamtazama. Jokébed alifunga mlango wa gari, akaja hadi mbele ya shemeji yake.

"Ni sawa," alisema. "Siku ya matanga tutaenda Kasugho. Mama yenu hawezi panda moto, ile pikipiki, magoti yake inakatala. Baba mukubwa Syauswa naye hawezi. Nani atababeba? Bote batapanda hii gari, na ni mie nitaendesha. Batanitazama njia yote. Tukifika, mwenye atasimama mbele yabo aseme siwezi, asimame. Mie nitakuwa pale."

Wapakuzi wakarudi kwenye kazi yao.

Jokébed alichukua maboksi matupu ya barafu, akayapanga kwenye kiti cha kushoto moja juu ya jingine, akayafunga kwa mkanda wa usalama. Akazunguka, akaingia upande wake, akawasha injini.

"Niko narudi Butembo," alimwambia Edmond kupitia dirishani. "Nyuma kuko nafasi."

Edmond aliangalia pikipiki za stendi, kisha anga lililokuwa linakusanya mvua. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akapanda.