Kurasa Tatu za Watu Wawili

Fundi cherehani aliomba mkopo wa kununua mashine ya kudarizi, akanyimwa. Barua ya benki ilisema tu kwamba taarifa zake za mikopo haziridhishi. Alishangaa, maana maishani mwake alikopa mara moja tu, akalipa mpaka senti ya mwisho.

Jumatatu alifunga duka, akaenda kwenye ofisi inayotunza taarifa hizo. Karani, mwanamke wa makamo, akakikagua kitambulisho chake na kumchapishia kurasa tatu.

"Usianzie kwenye madeni, mama," alisema. "Anza na wewe mwenyewe."

Fundi akasoma. Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Namba ya simu aliyokwisha kuisahau. Mkopo wake wa zamani: umelipwa. Kisha anwani ya ng'ambo ya reli, asikowahi kuishi. Mwajiri: hospitali. Ajira imekoma miezi minane iliyopita. Chini yake, mkopo usiolipwa tangu hapo.

Anwani ile aliijua. Ni kwa mtoto wa baba yake mdogo. Wote wawili walipewa jina la bibi, wakaitana somo tangu utotoni. Na somo yake, mpaka wiki hiyo, kila asubuhi alitoka nyumbani na sare ya hospitali.

"Huyu si mimi," alisema.

Karani akainama kwenye kompyuta. "Kweli. Namba za vitambulisho zimepishana tarakimu moja. Jaza fomu ya pingamizi, tutamuuliza aliyeleta taarifa."

Alijaza. Kisha akavuka reli, akamkuta somo yake anaanua nguo.

"Leo hukwenda kazini?"

"Nimeomba ruhusa."

Fundi akamkabidhi karatasi. "Nimesoma mambo yako bila kukusudia, somo. Nimeona bora ujue."

Yule akasoma, akaketi kwenye ngazi. "Mama anajua?"

"Kwangu hatalisikia."

"Navaa sare mpaka kituo cha basi, naivua huko. Halafu nashinda maktaba, naandika barua za kuomba kazi."

"Si ungekuja kushinda kwangu? Angalau ungenishonea vifungo."

Somo yake alicheka kidogo, kisha akalia.

Baada ya wiki tatu ripoti ilisahihishwa, deni likahamia kwa mwenyewe. Somo yake alikwenda kwa wakopeshaji wake, wakakubali apunguziwe malipo ya kila mwezi. Jumapili hiyo alimweleza mama yake yote, kwa kinywa chake. Mama akamuuliza siku zote hizo maktaba alikuwa anakula nini.