Bomba la Mfaume

Tangu Mfaume arudi kutoka Misri vita vilipokwisha, hakuwahi kununua kahawa pale Mbwera. Bomba lake la chuma ndilo lililomlipia. Silaha ya Wajerumani hiyo, alisema: unaiweka begani, unafyatua mara moja tu, kifaru cha vita kinapasuka, halafu unalitupa bomba kama kifuu. La kwake, eti, bado halijafyatuliwa.

"Na ole wake aliye nyuma," alimalizia kila siku. "Moto unatokea huko vilevile. Nimemwona mtu kaungua hadi nyusi!"

Kuona aliona, ila kwa mbali, kutoka mlango wa jiko, mwiko mkononi. Mfaume alikuwa mpishi wa kambi. Bomba aliliokota jalalani, askari wamekwisha kulifyatua walipojaribu silaha zilizotekwa.

Basi kiboko akaingia mpunga wa Tabu, binti wa shangazi yake. Kila asubuhi Tabu alishuka dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, akakuta kipande kingine kimelala chini. Chakula cha wanawe cha mwaka mzima kilikuwa kinakwenda hivyohivyo, akitazama.

"Lini utamfyatulia, binamu?"

"Kesho, inshallah. Leo upepo mbaya."

Siku ya nne, alasiri, kiboko akatokeza kichwa kweupe, hapo kijitoni. Tabu hakuuliza tena. Aliingia chumbani kwa Mfaume, akatoka na bomba begani. Nani amzuie? Mabinamu ni watani, na kitu alichochukua mtani hakigombewi, hukombolewa. Mfaume akacheka, akamfuata na kikombe chake cha kahawa.

"Tokeni nyuma!" Tabu akapiga kelele.

Watu wakatawanyika. Mzee Mshamu, wa kutembelea mkongojo, aliruka mfereji. Tabu akageuka kuhakikisha, akamwona Mfaume hatua tatu nyuma yake, anakunywa kahawa.

Wakatazamana. Kikombe kikagandia mdomoni. Mfaume alitamani ardhi immeze.

Tabu akalishusha bomba polepole. "Kiboko kazama!" akawatangazia watu. Kisha akamsogelea, kwa sauti ya chini. "Tupu?"

"Tupu."

"Tangu lini?"

"Tangu niliokote. Binamu, mimi nilikuwa mpishi."

Tabu alicheka hadi akakaa chini, machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akataja ukombozi wake: Mfaume atalinda yeye dunguni mpaka mavuno, na debe la kupiga. Naye Tabu atafunga mdomo.

Mfaume alipiga debe mpaka viganja vikaota sugu, na kiboko akahamia kwingine. Mpunga ukavunwa. Mbwera nzima ikaamini kiboko kaogopa bomba, na kahawa ya bure ikaendelea.

Siku Mfaume alipokwenda kulidai bomba lake, alilikuta jikoni kwa Tabu, jeusi kwa masizi. Tabu alikuwa anapulizia moto kwa bomba hilo. Alimpisha kwenye kigoda, akamkabidhi bomba na mwiko.

"Puliza wewe, mpishi," alisema. "Mimi nasimama nyuma."