Ukurasa wa Arobaini na Tatu

Kola za blauzi alizoshona Kavindu zilikuwa zimepata sifa mbaya pale mtaani Laini Saba. Watu walisema zinasalimia, maana ncha zake ziliinuka kama mtu anayepunga mkono. Sasa kwaya ya akina mama kule Riruta ilitaka blauzi thelathini, na Trizah, mwenyekiti wao, hakuzunguka: "Niletee moja Jumamosi. Ikisalimia, kazi tunapeleka kwingine."

Alhamisi hiyo Kavindu alinunua njugu kwa Mideva, jirani yake. Alipozimaliza akakunjua karatasi aliyofungiwa, kwa kuwa tangu aache shule darasa la nne hajawahi kutupa maandishi kabla ya kuyasoma. Kumbe ilitoka kwenye kitabu cha ushonaji! Akafuata maneno kwa kidole mpaka mwisho wa ukurasa wa arobaini na mbili: "Ncha za kola hazitainuka iwapo kitambaa cha chini..."

Hapo karatasi ikaisha.

"Mideva! Arobaini na tatu iko wapi?"

"Ilishaenda na njugu, Mama Muema. Mimi huchana nikianzia nyuma. Saa hii pengine iko kwa tumbo la mbuzi."

"Kitabu ulitoa wapi?"

"Kwa Muiruri, Kawangware. Lakini na hiyo miguu yako?"

"Hii miguu imekanyaga cherehani miaka thelathini. Kawangware ni hapo tu."

Ijumaa asubuhi akafika, polepole, lakini akafika. Muiruri alikuwa ametandaza vitabu juu ya turubai.

"Shosho, beba hiki cha kujiamini. Kinabadilisha maisha."

"Mimi najiamini. Kola ndiyo haijiamini. Toa vya ushonaji."

Vilikuwa viwili. Kimoja kiling'aa, picha za rangi kila mahali. Cha pili hakikuwa na jalada na kilinuka mafuta taa. Kavindu akachukua kinachong'aa, ila hakutafuta kola. Alitafuta vifungo, kazi anayoiweza hata akifumba macho. Kitabu kikamwambia matundu ya blauzi ya mwanamke hukatwa upande wa kushoto.

"Aliyeandika hiki hajawahi kuvalisha mwanamke," akasema, akakirudisha.

"Si ulisema unataka kola?"

"Akinidanganya kwa kitu ninachojua, nitamwamini vipi kwa nisichojua?"

Kile cha mafuta taa kilisema kulia. Akakiuliza tena: tundu liwe na urefu gani? Upana wa kifungo, ongeza unene wake. Naam. Ndipo akatafuta kola, amesimama juani, neno kwa neno, Muiruri akipiga miayo. Kitambaa cha chini kiwe kidogo kuliko cha juu, kwa upana wa punje ya mchele.

Kavindu akajipiga kofi pajani. Miaka yote alikuwa akikunja kitambaa na kukata cha juu na cha chini kwa mpigo mmoja, sawasawa, kusudi amalize haraka!

Jumamosi Trizah alivaa blauzi, akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akavuta ncha za kola kwa vidole kama mtu anayetafuta ugomvi. Ncha zikarudi zikalala.

"Haisalimii," akakubali.

"Vua basi, niifanye kipimo," Kavindu akasema, mkasi tayari mkononi. "Zimebaki ishirini na tisa."